Watoto 85, mwalimu mmoja: jinsi ya kupanga kipindi cha kusoma darasa la kwanza

Mwaka wangu wa pili kufundisha darasa la kwanza niliandika ubaoni sentensi moja: "Kaka amekaa kitini." Nikaisoma, watoto wakaitikia. Nikarudia, wakarudia, sauti zikatikisa bati. Nilikuwa najiona mwalimu kwelikweli mpaka nilipomtupia jicho mtoto mmoja wa dawati la nyuma. Alikuwa anasoma kwa nguvu zote huku anatazama mbuzi waliokuwa wanakula uzio wa shule. Nikachukua dasta, nikafuta sentensi yote, kisha nikapitisha fimbo ya kuonyeshea pale pale palipokuwa na maneno. Darasa zima likasoma: "Kaka a-me-ka-a ki-ti-ni." Ubao mtupu.

Miezi mitatu nilikuwa nafundisha kwaya. Wapo mle ndani waliokuwa wanasoma kweli, lakini sikuwa na njia ya kuwajua, maana wakiitikia pamoja asiyejua hujificha nyuma ya anayejua. Mpangilio ninaoueleza hapa una shabaha moja: kila mtoto asikike akisoma peke yake walau mara moja kwa wiki, hata kama wako 85 na wewe ni mmoja.

Nimetaja 85 kwa sababu ndio niliokuwa nao. Hapa Tanzania kanuni inasema mwalimu mmoja wa msingi awe na wanafunzi 45, lakini michango ya lazima ilipoondolewa mwanzoni mwa 2016, madarasa ya kwanza ya shule nyingi za serikali yalifurika, na vyumba havikuongezeka kwa kasi ile. Mwenye watoto 40 ashukuru, hesabu zake atazigawa mwenyewe.

Hatua ya 1: Januari usifundishe, sikiliza kwanza

Wiki ya kwanza ya masomo tengeneza karatasi moja tu, uibandike kwenye kipande cha boksi isichakae. Juu andika irabu tano, lakini usizipange a, e, i, o, u. Anza na o au u. Mtoto aliyejifunza irabu kwa wimbo atasoma "a" ukimwonyesha "o", na hapo utamjua. Chini yake weka silabi kumi, halafu maneno matano mafupi, halafu sentensi mbili.

Ita mtoto mmoja mmoja, mkae mlangoni au chini ya mti, wengine wakichora au kufinyanga. Dakika mbili zinatosha. Watoto 17 kwa siku, siku tano, umewamaliza wote 85. Akikwama usimsukume, mwambie "vizuri, asante," aende.

Matokeo yaingie kwenye daftari moja la kaunta litakalokaa na wewe mwaka mzima. Kila mtoto mstari wake, kila mwezi safu yake. Mimi natumia alama nne: nukta kwa asiyejua kitu, I kwa anayejua irabu, S kwa anayesoma silabi, N kwa anayesoma neno. Wale wa mpango wa Uwezo waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kupima watoto walitumia ngazi za namna hii hii, kutoka silabi hadi hadithi, kwa hiyo huna haja ya kubuni kipimo cha ajabu.

Utashangaa tofauti. Kuna aliyetoka darasa la awali anasoma maneno, kuna aliyetoka moja kwa moja kuchunga na hajawahi kushika penseli. Kuna na yule aliyefundishwa nyumbani au kituoni kusema "ei, bii, sii". Huyu wa mwisho ndiye atakayekusumbua zaidi, kwa sababu akiona "a" anasema "ei", na "mama" kwake inakuwa kitu kisichosomeka. Mwekee alama pembeni.

Hatua ya 2: Wakae vipi

Hapa sina mengi. Wafupi mbele, na mtoto anayekunja macho au kuinamisha kichwa upande mmoja akikutazama, mbele pia. Huenda haoni au hasikii vizuri, na wazazi hawajajua. Kaa mwenyewe kwenye dawati la mwisho asubuhi na saa sita uone kama ubao unang'aa kwa mwanga wa dirishani. Ukiacha njia ya kupita katikati ya madawati, utafika kwa kila mtoto. Bila hiyo njia, wa nyuma ukutani watakuwa wageni wako wa mwaka mzima.

Kwenye viti wachanganye, anayejua akae na asiyejua. Vikundi vya kusoma ni suala jingine, tutafika.

Hatua ya 3: Panga sauti, usipange alfabeti

Kiswahili kimetupa neema: herufi inasomeka vile vile karibu kila mahali. Mwalimu anayefundisha kusoma Kiingereza angelipa pesa apate lugha kama hii. Lakini neema hiyo tunaipoteza tukifundisha majina ya herufi badala ya sauti. Ukimwambia mtoto hii ni "be" na hii ni "a", ataunganisha apate "bea", na kwa haki kabisa. Mfundishe b kama inavyotoka mdomoni ikiwa fupi, bila mkia.

Baada ya irabu mimi naanza na m na k. Hapo hapo watoto wanapata mama, kaka, mimi, kuku, kima. Kisha t, n na l. Kwa konsonanti hizo tano tu darasa linaweza kusoma "Mama analima" na "Kuku anakula mtama", sentensi nzima zenye maana, kabla hata hamjaigusa b. (Tahadhari kwa mwalimu mgeni: kwenye kadi za m, t na k kuna neno moja ambalo watoto wataliunda kabla hujamaliza kugawa kadi. Usicheke. Ukicheka kipindi kimekwisha.)

Zinazofanana zitenganishe. Kati ya b na d pitisha mwezi mzima, mtoto aizoee moja kabisa ndipo aione pacha wake. Herufi c usiifundishe peke yake, haina kazi kwetu. Fundisha ch kama sauti moja, na sh na ny vivyo hivyo. Silabi za mwambatano, yaani mb, nd, nj, nz, mw, kw na wenzao, ziache hadi watoto warudi likizo ya Juni, na mbw na ngw zifuate nyuma yao. Mwisho kabisa th, dh, gh na ng'. Ile alama ndogo ya ng' nawaambia ni pembe ya ng'ombe: ukiiona, sauti inapitia puani, usipoiona, ni ng ya ngoma.

Sauti mpya mbili kwa wiki zinatosha. Shule ikiwa karibu na mnada, usianze sauti mpya siku ya mnada. Nusu ya darasa itakuwa imepelekwa kushika kamba ya ng'ombe au kubaki na mdogo wake nyumbani, na wiki ijayo utaanza upya.

Hatua ya 4: Dakika 60 zenyewe

Kipindi kimoja darasa la kwanza ni dakika 30, na katika dakika 30 watoto 85 hawajamaliza hata kufungua madaftari. Mwombe mwalimu wa taaluma akupe vipindi viwili mfululizo vya kusoma, asubuhi, kabla ya uji. Akikataa, omba tena. Mimi naugawa muda hivi.

Dakika 5 za mwanzo ni za kurudia. Kadi za sauti za jana na juzi zinapita harakaharaka, na hapa waitikie pamoja, hakuna ubaya. Dakika 10 zinazofuata ni za sauti mpya. Waisikie kwanza kwenye maneno wanayoyajua, waseme ni neno gani linaanza nayo, ndipo waione ubaoni, waiandike hewani kwa kidole, kisha kwenye daftari. Dakika 10 nyingine ni za kuunganisha. Sauti mpya inaolewa na irabu zote tano, kisha silabi zinakuwa maneno. Dakika 25 ni za vikundi, na huo ndio moyo wa kipindi. Dakika 10 za mwisho mwalimu anasoma hadithi kwa sauti, watoto wanasikiliza tu.

Hizo za mwisho walimu wengi wanazikata muda ukibana. Nami nilizikata mwaka mzima. Niliporudisha hadithi, watoto walianza kuja mezani kwangu wenyewe wakati wa mapumziko kufungua kile kitabu waone kama kweli sungura yumo.

Hatua ya 5: Kikundi kimoja kwangu, vinne kazini

Gawa darasa vikundi vitano vya watoto 17 kwa kufuata daftari lako, wa ngazi moja pamoja. Vipe majina ya matunda au wanyama. Kikundi cha wasiojua kitu mimi nilikiita Tai, nikijidai mjanja, lakini haikupita wiki watoto wote walijua Tai ni nani. Kinachosaidia ni kuwahamisha mara kwa mara. Mtoto akiona mwenzake ametoka Tai akaingia Twiga, anajua mlango uko wazi.

Jumatatu kikundi cha kwanza kinasoma na mimi, Jumanne cha pili, hivyo hivyo hadi Ijumaa. Watoto 17, dakika moja kila mmoja, inabaki akiba ya dakika nane kwa kuhama, kugombania nafasi na anayetaka kwenda chooni.

Swali la kila mwalimu ni lile lile: wale 68 waliobaki wanafanya nini? Nawapa kazi nne zinazozunguka, na hazibadiliki mwaka mzima ili nisipoteze muda kuelekeza. Kikundi kimoja kinaunda maneno kwa kadi za silabi na kuyaandika. Kingine kinasoma kitabu wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole. Kingine kina vizibo vya soda vyenye herufi, mtoto anachagua vitatu bila kutazama na kujaribu kusoma kilichopatikana. Cha nne kinanakili sentensi kutoka ubaoni na kuchora picha yake. Kila kikundi kina kiongozi anayebadilika kila wiki. Usimpe uongozi yule mjuaji peke yake, atawafanyia wenzake kazi yote.

Sasa siri ambayo nilichelewa kuijua. Wiki mbili nzima kabla ya kuanza vikundi, wafundishe mwendo wenyewe, bila kusoma chochote. Makofi mawili, mikono juu. Makofi matatu, viongozi wanakuja kuchukua boksi. Anayemaliza afanye nini, anayekwama amuulize nani kabla ya kuja kwangu (wenzake wawili kwanza). Rudieni kama gwaride. Wiki mbili hizo zinauma, unaona wenzako wameshafika silabi na wewe unafundisha kutembea. Lakini ukiziruka, dakika zako 25 zitaishia kwenye "Mwalimu, huyu kanichukulia penseli."

Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu atapita, achungulie, aone watoto wanaongea na wewe umeinama na kikundi kimoja kwenye kona. Mweleze mapema, kabla hajakuita ofisini.

Hatua ya 6: Dakika moja ya mtoto mmoja

Mtoto akae pembeni yako, kitabu katikati yenu. Wengine wa kikundi wanasoma kimya wakisubiri zamu, na marufuku kumsaidia. Ni sheria ngumu kuisimamia, kwa sababu watoto wanapenda kusaidia kwa kupiga kelele, na anayesaidiwa anapenda kusaidiwa.

Usianzie mwanzo wa ukurasa. Onyesha sentensi ya tatu, au neno la katikati, au soma naye kutoka mwisho kurudi nyuma. Funika picha kwa kiganja. Ubaoni, badilisha herufi mbili, kaka iwe kuku, umwulize sasa imekuwa nini. Anayeimba ataendelea kusema kaka. Anayesoma atasita, atazame, aseme kuku, na mara nyingi atacheka.

Akikwama, nyamaza. Hesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kumpa sauti ya kwanza. Tano hizo ni ndefu kuliko unavyodhani, na mara nyingi ukifika tatu mtoto ameshapata. Fimbo weka mbali kabisa. Mtoto mwenye hofu anakutazama usoni badala ya kutazama neno, anatafuta jibu kwenye nyusi zako.

Matamshi ya nyumbani usiyahesabu kuwa kosa la kusoma. Kanda ya Ziwa mtoto atakusomea "karamu" palipoandikwa kalamu. Mwulize hiyo ni ya kuandikia au ya kula? Akisema ya kuandikia, amesoma. Kadhalika anayesema "zahabu" kwa dhahabu. Matamshi yana wakati wake, na si ndani ya dakika hii.

Mtoto akiondoka andika alama na jambo moja tu: "anaruka i ya mwisho", "b/d", "anajua ila anaogopa". Jambo moja tu, usiandike hadithi.

Maneno marefu

Hapa lugha yetu inadai ilichotupa bure. Herufi ni rahisi, lakini maneno ni marefu. Mtoto anayesoma "ha-tu-ta-wa-pe-le-ka" silabi kwa silabi, akifika "ka" ameshasahau kwamba alianza na "ha". Anatamka kila kitu sawa na hajui amesema nini. Wengi wanakwama hapa hadi darasa la tatu, na mwalimu anasema mtoto anajua kusoma ila hana akili. Si kweli.

Dawa yake ni kumzoesha kuona vipande kwa mkupuo. Andika ana-, wana-, nina-, tuta-, hatuta- kwenye kadi za rangi moja, na cheza, lima, soma, pika kwenye kadi za rangi nyingine. Waunganishe: ana na cheza, wana na cheza, tuta na cheza. Baada ya wiki chache "ana" haisomwi tena kama a na na, inaonekana mara moja, na pumzi inabaki kwa ajili ya maana. Fanya hivi dakika tano kila siku kuanzia Julai.

Na kila mtoto akimaliza kusoma, mwulize swali moja ambalo jibu lake halimo kwenye picha. Nani alikula mtama? Baadaye kuku alikwenda wapi? Mahali ambapo nyumbani wanazungumza Kigogo, Kisukuma au Kimasai, neno la Kiswahili linaweza kusomeka vizuri na likawa geni kabisa. Mruhusu akueleze maana kwa lugha yake, mwenzake atafsiri, mwendelee.

Vya kusoma vinatoka wapi

Vitabu vya serikali vikiwepo, viwe darasani. Nimefundisha shule ambapo vilifungiwa kabatini visichakae, na kweli havikuchakaa. Vifunike kwa gazeti, viweke kwenye boksi, kiongozi wa kikundi ahesabu wakati wa kutoa na kurudisha. Kimoja kitapotea. Andika kwenye leja, endelea.

Vingine viko mtaani. Kila nyumba ina kanga, na kila kanga ina maneno. Waambie watoto wanakili jina la kanga ya mama au bibi walete Jumatatu. Soma kimyakimya wewe kwanza, maana nyingine ni mafumbo ya watu wazima na utaulizwa maana yake mbele ya darasa. Pakiti za unga, maboksi ya sabuni, maandishi ya nyuma ya daladala, majina ya maduka, vyote ni kitabu. Bandika ukutani kwa urefu wa macho ya mtoto, si ya mkaguzi.

Nyumbani

Kwenye kikao cha wazazi sema jambo moja tu: kila jioni mtoto asome kitu mbele ya mtu mzima. Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Kazi yake ni kukaa, kusikiliza, kisha kuuliza, "Haya, hiyo hadithi inasemaje?" Bibi mmoja aliniambia anamtambua mjukuu wake anapomdanganya, kwa sababu anasoma haraka mno.

Ijumaa, na mwisho wa mwezi

Ijumaa toa imla ya maneno matano, yote ya sauti za wiki ile. Huna haja ya kusahihisha madaftari 85 kwa kalamu nyekundu. Waandike, wabadilishane madaftari, wewe uandike majibu ubaoni, halafu upitie ya kikundi kimoja tu. Asiyeweza kuandika neno analolisoma huenda bado anakisia.

Mwisho wa mwezi toa ile karatasi ya Januari, pima wote tena, jaza safu mpya kwenye daftari na upange vikundi upya. Mtoto ambaye safu tatu mfululizo zina nukta usimwache kwenye mzunguko wa kawaida. Mtafutie dakika kumi kila siku baada ya uji, na umwite mzazi mzungumze kuhusu macho, masikio na chakula cha asubuhi kabla ya kuzungumzia kusoma.

Novemba ikifika, daftari lile usiende nalo nyumbani. Kaa na mwalimu atakayewapokea darasa la pili, mpitie mstari kwa mstari: huyu bado b na d, huyu anasoma aya nzima, huyu anajua ila anaogopa, usimwite mbele ya wenzake kabla hajakuzoea. Mimi ilinichukua saa mbili na chupa moja ya chai.